Tiketi ya World Series hutafutwa Septemba: mwongozo kwa shabiki wa besiboli

Mashabiki wengi wa besiboli huanza kutafuta tiketi ya World Series, fainali ya MLB (besiboli ya kulipwa ya Marekani na Kanada), usiku ule ule timu yao inapotwaa ubingwa wa ligi na kufuzu. Furaha imepanda, simu iko mkononi, na kila tovuti wanayofungua inawaonyesha hata kiti cha mbali, kule jukwaa la juu kabisa, kwa zaidi ya dola 1,000. Ilikuwa hivyo 2024 Los Angeles Dodgers walipokutana na New York Yankees, ikawa hivyo tena 2025 Dodgers walipopambana na Toronto Blue Jays. Mwenye kipato cha kawaida akiona bei hizo ama anakata tamaa, ama anagusa hela ya kodi ya nyumba. Yote mawili yananiuma, kwa sababu zipo tiketi zinazouzwa na klabu zenyewe kwa bei ya chini zaidi, na wanaozipata ni wale waliojiandaa wiki nyingi kabla, wakati bado hakuna ajuaye nani atafika fainali.

Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko Marekani na Kanada ambao mchezo huu umewakolea, na pia ndugu wanaotarajia kuja kutembea mwezi wa kumi na wangependa kuona fainali kwa macho yao.

Hatua ya 1: Jua mechi ipi ina uhakika wa kuchezwa

Anzia hapa kabla ya kugusa kadi ya benki. Tangu 2022 timu 12 huingia mchujo unaofuata msimu wa kawaida, sita kutoka American League na sita kutoka National League, ligi mbili zinazounda MLB; mabingwa wa ligi hizo ndio hukutana World Series. Raundi ya kwanza ni Wild Card, ambayo mechi zake zote huchezwa nyumbani kwa timu iliyoshika nafasi ya juu. Inafuata Division Series, ambapo anayetangulia kushinda mechi tatu anapita. Kisha League Championship Series, halafu World Series yenyewe, na katika hizi mbili mshindi ni yule wa kwanza kufikisha ushindi wa mechi nne. Maana yake fainali inaweza kwisha kwa mechi nne tu, au ikavutana hadi ya saba.

Viwanja hugawanywa hivi: mechi ya 1 na ya 2 kwa timu moja, ya 3, ya 4 na ya 5 kwa nyingine, halafu ya 6 na ya 7 wanarudi walikoanzia. Anayeanza nyumbani ni yule aliyeshinda mechi nyingi zaidi katika msimu wa kawaida. Mwaka 2025 Blue Jays walimaliza msimu na ushindi mara 94 na Dodgers mara 93. Kwa tofauti ya mechi moja tu, Toronto ikapata mechi ya 1, ya 2, ya 6 na ya 7. Ndiyo maana mwezi Septemba, timu yako ikiwa kileleni, usiangalie tu kama itaingia mchujo. Angalia pia rekodi za vigogo wa ligi ya upande wa pili.

Sasa soma vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Klabu huanza kuuza tiketi kabla haijajulikana nani ataanzia nyumbani, kwa hiyo tiketi nyingi haziandikwi Game 6 wala Game 3. Zinaandikwa World Series Home Game 1, Home Game 2, na kuendelea, yaani mechi ya kwanza ya nyumbani, ya pili ya nyumbani. Kama timu yako inaanzia nyumbani, Home Game 3 ni mechi ya 6 ya fainali. Kama inaanzia ugenini, Home Game 3 hiyo hiyo ni mechi ya 5. Yote mawili hayana uhakika, kwani fainali inaweza kuwa imeshakwisha. Home Game 1 na Home Game 2 ndizo zitakazochezwa vyovyote vile, maana mechi nne za mwanzo lazima zichezwe. Waliokuwa na Home Game 3 ya Dodgers mwaka 2024 hawakuingia uwanjani, kwa sababu Dodgers walimaliza kazi katika mechi ya tano kule New York.

Kwa hiyo kama utasafiri kwa ndege, kulipia hoteli na kuomba ruhusa kazini, lenga Home Game 1 au 2. Home Game 3 na 4 mwachie mkazi wa mji ule, ambaye mechi isipochezwa analala kwake.

Hatua ya 2: Maandalizi ya Septemba

Fungua akaunti kwenye tovuti ya MLB, pakua programu ya MLB Ballpark kwenye simu, na utumie barua pepe moja kote. Tiketi siku hizi hukaa ndani ya programu hiyo, na siyo kwenye karatasi. Mtu mwenye barua pepe tatu zilizochanganyika atajikuta tiketi imeingia kwenye akaunti ambayo nywila yake ameshaisahau.

Kisha jiandikishe kupokea taarifa za klabu unayoipenda na ushiriki bahati nasibu ya kupata nafasi ya kununua tiketi za mchujo. Klabu nyingi hufungua uandikishaji huo kuelekea mwisho wa msimu, na kujiandikisha ni bure. Ukichaguliwa, unatumiwa kwa barua pepe msimbo wa kununulia pamoja na siku na saa ya kuutumia. Jambo la kukumbuka ni kwamba msimbo hukupa nafasi ya kuingia sokoni tu. Kiti bado hujapata. Jiandikishe hata kwa klabu ya pili au ya tatu iliyo karibu na unapoishi. Mke, mume, na mtoto aliyefikisha umri wa kuwa na kadi yake, kila mmoja ajiandikishe kwa akaunti na jina lake mwenyewe. Lakini usijiundie akaunti tano za majina ya uongo. Klabu hufuta oda za namna hiyo, na tangu 2016 Marekani ina sheria inayokataza kutumia mitambo ya kompyuta (bots) ya kukwepa ukomo wa tiketi kwa mtu mmoja.

Kagua folda ya barua taka kila siku. Msimbo wa bahati nasibu hupenda kuangukia huko, na muda wake ni mfupi.

Jambo lingine ni anwani ya kadi. Klabu nyingine huwauzia wakazi wa eneo lao pekee, ili uwanja usijazwe na wageni. San Diego Padres walifanya hivyo katika mchujo wa 2022: mauzo yalikuwa ya wakazi wa San Diego na maeneo jirani, na kilichotazamwa ni anwani iliyosajiliwa kwenye kadi ya malipo. Kama umehama kutoka Dallas kwenda Seattle na benki bado ina anwani ya Dallas, irekebishe sasa. Na kama kadi yako huwa haitumiki kwa manunuzi makubwa, wajulishe benki mapema kwamba unatarajia malipo ya mamia ya dola, vinginevyo mfumo wao wa kuzuia wizi utayakataa wakati saa ya kununulia inakuhesabia.

Hatua ya 3: Kuchangia tiketi ya msimu

Wanaotangulia kupewa tiketi za fainali ni wenye tiketi za msimu, yaani waliolipia kwa pamoja mechi za nyumbani za msimu. Klabu nyingi pia humpa nafasi ya mapema mtu anayetoa kianzio (malipo ya awali) cha tiketi ya msimu ujao, hata kama msimu huu hakuwa nayo. Matangazo ya kianzio hutoka kwa nguvu sana Septemba, timu ikishafanya vizuri.

Maoni yangu ni haya: usitoe kianzio kwa sababu ya fainali peke yake. Unajifunga kulipia mechi nyingi za mwakani ili upate mbili za mwaka huu, na timu ikitolewa raundi ya kwanza umebaki na deni. Lakini kama uko Boston, Houston au Minneapolis na mko jamaa wanne mnaopenda uwanja, fanyeni kama tunavyofanya kwenye vyama vyetu vya kuchangiana. Chukueni kifurushi cha mechi chache cha viti viwili, gawaneni mechi, na andikeni kabisa kabla msimu haujaanza nani atakwenda Home Game 1 na nani Home Game 2. Bila maandishi urafiki utaingia doa mwezi wa kumi. Na someni masharti yanayohusu kianzio: kinarudishwa lini, kwa njia gani, na kama vifurushi vidogo navyo vina haki ya tiketi za World Series, kwa sababu si kila klabu inavipa haki hiyo.

Hatua ya 4: Siku ya mauzo

Muda kati ya kujulikana timu na mechi ya kwanza ni mfupi mno. Mwaka 2025 Blue Jays waliwatoa Seattle Mariners katika mechi ya saba tarehe 20 Oktoba, na tarehe 24 wakacheza mechi ya kwanza ya World Series. Kila kitu, kuanzia kupanga hadi kusafiri, kiliingia katika siku hizo nne.

Hakikisha saa. Klabu hutangaza kwa saa za mji wake. Saa nne asubuhi ya Los Angeles ni saa saba mchana kwa aliyeko New York. Ingia kwenye akaunti nusu saa kabla, ukiwa na intaneti ya uhakika, na kadi iwe imeshahifadhiwa humo.

Mlango ukifunguliwa utawekwa kwenye foleni ya mtandaoni. Kwa kawaida waliowahi kabla ya saa yenyewe hupangwa kwa kuchanganywa, hivyo kufika saa tano kabla hakukupi namba nzuri kuliko aliyefika dakika kumi kabla. Ila ukifika baada ya mlango kufunguliwa, unapelekwa nyuma ya wote. Ukiona namba yako ni 20,000 na zaidi usifunge ukurasa. Wengi walioko mbele yako watashindwa malipo au watakatishwa tamaa na bei. Usibonyeze kuanza upya, na usifungue madirisha kumi kwa akaunti moja, kwani mfumo unaweza kukuona kama mtambo ukakutoa.

Foleni hizi zina sababu yake. Oktoba 2007 Colorado Rockies waliamua kuuza tiketi zao za World Series kwa mtandao pekee. Katika dakika 90 za mwanzo mitambo ilipigwa na majaribio milioni 8.5, ikaelemewa, na mauzo yakasimamishwa. Kesho yake yalifunguliwa tena na tiketi zote zikaisha kwa muda wa kama saa mbili na nusu. Walioahirisha kwa hasira ya siku ya kwanza walikosa.

Ukishaingia, usichague kama mtu anayenunua sofa. Kiti unachokitazama kinatazamwa na mamia. Uwe umeshaamua jana yake: bei ya juu kabisa unayokubali, sehemu mbili au tatu za uwanja, na idadi ya viti. Viti viwili hupatikana kwa urahisi kuliko vinne vilivyo pamoja, na kiti kimoja kimoja hupatikana kwa urahisi kuliko vyote. Kama mko wanne, kubalini kukaa wawili wawili. Tiketi ya kusimama, pale uwanja unapoziuza, usiidharau: mechi ya fainali watu husimama nusu ya muda hata wenye viti.

Ikikuambia viti vimekwisha, rudi baada ya dakika kumi na tano. Vile ambavyo malipo yake yamekataliwa hurudi sokoni. Rudi tena siku ya mechi asubuhi, maana klabu huachia viti vichache vilivyokuwa vimetengwa kwa ajili ya wageni na vyombo vya habari.

Hatua ya 5: Ukilazimika kununua mkono wa pili

Hapa ndipo walanguzi walipo, pamoja na mashabiki wa kweli waliopata dharura. Tangu 2023 soko rasmi la MLB la kuuziana tiketi ni SeatGeek, na masoko mengine makubwa kama StubHub bado yapo. Faida ya soko linalojulikana ni dhamana: tiketi ikiwa mbovu unarudishiwa fedha, na mechi ya ziada isipochezwa unarudishiwa vilevile. Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya serikali inawalazimu wauzaji wa tiketi kuonyesha bei kamili pamoja na ada tangu mwanzo. Ukiona bei inapanda ukifika ukurasa wa malipo, ondoka.

Bei huwa na mwendo wake. Hupanda kwa kishindo usiku timu inapofuzu, kwa sababu kila mtu ana hamu na wauzaji wanajaribu bahati. Baada ya hapo mara nyingi hulegea, na huanguka zaidi saa chache kabla ya mechi, kwa kuwa tiketi ya mechi iliyokwisha haina thamani na mlanguzi anajua. Mkazi wa mji anayeweza kufika uwanjani kwa nusu saa ndiye mwenye nguvu: na asubiri. Wa kutoka mbali hawezi kucheza mchezo huo kwa utulivu, na namshauri anunue siku moja au mbili kabla, si ule usiku wa shangwe. Mechi ya 7 haifuati kanuni hii. Kila mmoja anajua ni ya mwisho, na bei inaweza kupanda hadi mlangoni. Timu ikiwa nyuma kwa mechi tatu kwa sifuri, mashabiki wake huvunjika moyo na kuuza. Mwenye lengo la kuona World Series tu, bila kujali nani anatwaa, hapo ana nafasi.

Tazama tangazo lenyewe kwa makini. Tangazo zuri linataja sehemu, safu na mara nyingi namba za viti. Ukiona limeandikwa eneo tu, mathalani jukwaa la juu, safu haipo, na tiketi zitatumwa saa chache kabla ya mechi, inawezekana muuzaji hana tiketi bado. Anauza kwanza, kisha anakwenda kutafuta ya bei rahisi. Asipoipata utarudishiwa fedha, lakini wewe utakuwa umeshafika mji wa watu.

Hatua ya 6: Utapeli unaotuhusu sisi

Kwenye jumuiya zetu ujumbe husambaa haraka: kuna ndugu ana tiketi mbili, hawezi kwenda, anaziachia kwa bei nzuri. Anaandika Kiswahili kizuri, anakuita kaka au dada, anataka umtumie fedha kwa simu, kwa Zelle au Cash App, leo hii kwa sababu kuna mwingine anasubiri. Halafu anakutumia picha ya skrini yenye msimbo wa kuskani.

Picha siyo tiketi. Tiketi ya kweli huhamishwa kutoka akaunti yake kwenda akaunti yako, ikaonekana ndani ya programu ya Ballpark kwa jina lako, na ya kwake ikafutika. Picha ile ile inaweza kuuzwa kwa watu ishirini. Fedha ya Zelle ikishatoka, ni kama umempa mtu noti mkononi: benki mara nyingi haitakurudishia. Basi hata kama ni mtu wa kwenu kabisa, mwambie ahamishe tiketi kwanza mkiwa pamoja, uione kwenye simu yako, ndipo umlipe. Kama hamwezi kuonana, aiweke kwenye soko lenye dhamana uinunue huko. Mwaminifu hatachukia. Na usiweke picha ya tiketi yako kwenye status kwa furaha, maana msimbo unaoonekana unaweza kunakiliwa.

Ukikosa kabisa

Usiichukulie fainali kama mchezo pekee wa Oktoba. Mechi za Wild Card na Division Series huuzwa kwa bei nafuu kuliko World Series, na kelele za uwanjani ni zile zile. Timu ikiwa ugenini, baadhi ya klabu hufungua uwanja wao ili mashabiki watazame kwenye skrini kubwa. Blue Jays walifanya hivyo 2025, wakati timu ikiwa Los Angeles.

Wenye watoto nawashauri jambo moja zaidi. Kila Agosti, kule South Williamsport, Pennsylvania, hufanyika World Series ya watoto ya Little League, na kiingilio ni bure. Mwaka 2012 timu ya Lugazi kutoka Uganda ilicheza pale, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika. Mnakaa kwenye kilima cha majani nyuma ya uwanja, na watoto wanateleza juu ya maboksi kati ya inningi na inningi (kipindi ambacho kila timu hupata zamu yake ya kupiga).

Hatua ya 7: Safari na siku yenyewe

Fainali ikihusisha Toronto, fikiria hati kabla ya tiketi. Mwenye green card ya Marekani huingia Kanada kwa kuonyesha kadi hiyo pamoja na pasipoti halali ya nchi yake. Lakini kama maombi yako ya ukimbizi au ya makazi bado yanashughulikiwa, usivuke mpaka kwa ajili ya mechi bila kuongea na mwanasheria wako. Unaweza kushindwa kurudi.

Chukua hoteli inayokuruhusu kubadili tarehe. Mwaka 2022 mechi ya 3 kule Philadelphia iliahirishwa kwa mvua kutoka tarehe 31 Oktoba hadi tarehe 1 Novemba. Tiketi huifuata mechi, na ndege haifuati.

Panga pia namna ya kurudi. Tarehe 27 Oktoba 2025 mechi ya 3 kule Dodger Stadium ilianza saa kumi na moja jioni, ikaenda inningi 18, ikamalizika karibu saa sita usiku. Besiboli haina saa ya kumalizika. Uliza basi la mwisho ni saa ngapi, na kama kazini unaingia alfajiri, omba ruhusa ya siku inayofuata.

Simu ijae chaji na uwe na betri ya akiba. Fungua tiketi ukiwa bado nyumbani, na uihifadhi kwenye pochi ya simu, kwa sababu mbele ya geti watu 40,000 wanatumia mtandao mmoja. Soma kwenye tovuti ya uwanja ni mkoba wa ukubwa gani unaruhusiwa.

Na kama ulilipia mechi iliyoishia kutochezwa, subiri fedha irudi kwenye kadi ile ile. Wenye tiketi za msimu waangalie kama klabu imeirudisha taslimu au imeihamishia kwenye malipo ya mwakani, kwani mara nyingi huulizwa wachague na wasipojibu klabu huwachagulia. Hifadhi risiti mpaka uione kwenye taarifa ya benki. Mwezi ukipita bila kitu, wapigie wauzaji ukiwa na namba ya oda.